Nyumba Iliyojengwa kwa Idhini

Hapo zamani, enzi ambayo kilemba cha mtu kilisalimiwa kabla mwenyewe hajatazamwa usoni, palikuwa na mji uitwao Furahani, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghalibu. Sultani huyu hakuwa dhalimu wa kukata watu vichwa. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, kwamba hakupenda kelele nyumbani mwake, na ili aepukane nazo alikuwa tayari kuuza haki ya mtu yeyote. Na kelele kubwa kuliko zote ilikuwa ya mkewe, ambaye kila alipomwandalia chakula alimwambia, "Ndugu yangu Taufiki hana kazi. Wewe Sultani mzima, ni fahari gani hii shemeji yako kushinda barazani akitafuna tende na kutema kokwa?"

Basi Sultani akamtafutia kazi. Akamweka kuwa mwandishi, Taufiki akalala juu ya karatasi. Akamweka kuwa msimamizi wa farasi, farasi wakakonda hata wakaonekana mbavu. Mwishowe Sultani akawaza moyoni, "Nitampa kazi ambayo asipoifanya haitajulikana upesi." Akampa ujenzi, maana nyumba mbovu huchukua muda kuanguka.

Ikapigwa mbiu mji mzima kwamba tangu siku ile nyumba isijengwe Furahani ila kwa idhini, na mwenye idhini ni Bwana Taufiki peke yake. Idhini yenyewe ilikuwa kibao cha mvule, kimechongwa kwa ustadi na kupakwa mafuta, na katikati yake kimepigwa muhuri wa Sultani kwa chuma cha moto. Waashi wa mji, ambao walikuwa wakijenga kuta za mawe tangu enzi za babu zao, wakaamriwa watue miko yao chini. Baadhi yao wakahama, na waliobaki wakawa wauza mchicha.

Ikawa mtu akitaka nyumba sharti amwendee Bwana Taufiki. Naye Bwana Taufiki hakupenda jua wala vumbi, kwa hiyo alipokea ujira wake wote kwanza, kisha akakipakia kibao juu ya punda, kikaenda kutundikwa kiwanjani. Kazi ikafanywa na wazururaji waliookotwa sokoni, watu waliokuwa hawajui timazi ni kitu cha kupimia ukuta au cha kuvulia samaki. Walichanganya chokaa na mchanga wa pwani wenye chumvi, wakatia boriti mbichi, wakafunika yote kwa lipu nzuri nyeupe. Mwenye nyumba akija kulalamika kwamba ukuta umepinda, Bwana Taufiki alimwuliza neno moja tu: "Je, kibao kilikuwepo?" Akijibiwa kwamba kilikuwepo, alisema, "Basi nyumba yako ina idhini. Wataka nini tena?"

Katika mji huo alikuwako maskini mmoja, jina lake Vuai. Hakuwa na shamba, wala duka, wala punda. Kanzu yake ilikuwa moja, nayo watu walisema ilikwisha zamani, kilichobaki ni viraka vinavyoshikana kwa mazoea. Wengi walimwita mpumbavu, kwa sababu alishika maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia "ngoja kidogo", alingoja kidogo kisha akaenda zake. Ukimwambia "karibu chakula" kwa desturi tu ya ulimi, aliketi akanawa mikono. Na tajiri mmoja aliyempokea kwa kumwambia "hapa ni kwako" alimkuta asubuhi yake akiwa mlangoni na dalali, wanapatana bei.

Vuai alikuwa na shangazi yake, mjane, aitwaye Bi Mwatime, aliyemlea tangu utotoni kwa kuchoma vitumbua. Bi Mwatime alikuwa amekaa miaka mingi katika kibanda cha makuti, naye hamu yake ilikuwa apate nyumba ya mawe kabla ya kufa. Basi akatoa bangili zake za fedha na mkufu aliovishwa siku ya harusi yake, akampa Bwana Taufiki. Kibao kikaja juu ya punda, kikatundikwa. Nyumba ikasimama, nyeupe kama yai. Majirani wakaja kumpongeza, naye akawapikia.

Hata siku moja ya mvua ya vuli, baada ya adhuhuri, wakati ambao Bi Mwatime alikuwa na desturi ya kujinyoosha kitandani, akaja mwanamke mmoja kulalamika kwamba vitumbua vya leo ni vidogo. Bi Mwatime akatoka uani kumjibu. Wakiwa katika kubishana wakasikia kishindo, na ukuta wa chumba cha kulala ukaanguka wote, na dari nyuma yake.

Vuai alipofika alimkuta shangazi yake ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, vumbi limemjaa hata nyusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Usiingie ndani, maana ndani hakuna tena."

Vuai akachungulia. Akakiona kitanda kimebanwa chini ya mawe, kimekuwa bapa kama mkeka.

"Ubahili wa yule mama ndio ulioniponya," akasema Bi Mwatime, na machozi yakachora njia mbili katika vumbi la mashavu yake. "Lakini sasa mikono yangu mitupu, shingo yangu tupu, na masika yaja. Nitakwenda wapi?"

Basi Vuai akaifunga kanzu yake kwa kamba, akaenda barazani kwa Sultani.

Akamkuta Sultani Ghalibu ameketi juu ya zulia katika baraza lake jipya, na kushoto kwake Waziri na Kadhi, na kulia kwake Bwana Taufiki, ananukia udi na kokwa za tende zi mbele yake. Vuai akabusu ardhi, akanena, "Maulana, Mungu akuzidishie umri. Nyumba ya shangazi yangu imeanguka, naye nusura awe chini yake."

Sultani akamgeukia shemeji yake. "Wasemaje, Taufiki?"

"Maulana," akasema Bwana Taufiki bila kuacha kutafuna, "huyu anatia chumvi. Nyumba haikuanguka. Ukuta umekaa chini. Hata mwanadamu husimama, na akichoka hukaa."

Watu wa barazani wakacheka, kwa kuwa ilikuwa desturi kucheka asemapo shemeji wa Sultani. Sultani akauliza, "Kibao kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, maulana."

"Basi hapana kosa. Nyumba yenye muhuri wangu haiwezi kuwa mbovu."

Vuai akainama tena. "Maulana, kosa ni la shangazi yangu. Mwanamke yule hakujua kwamba amenunua ukuta unaochoka. Laiti angejua, angeuwekea kiti."

Safari hii watu walicheka kabla ya kukumbuka waliko, na kicheko chao kikawa cha kweli. Hata Waziri alilazimika kujikohoza. Sultani akaona aibu, na aibu ya Sultani hugeuka hasira upesi kuliko maziwa kuganda. Akasema, "Ewe Vuai, naona wayajua sana mambo ya kuajiri wajenzi. Vema. Binti yangu Thureya anaolewa, na mkwe wangu mtarajiwa ni mwana wa Sultani wa Mnarani. Wewe nimekuweka msimamizi wa nyumba yao ya harusi, katika kiwanja kile kilicho mkabala wa msikiti. Vifaa vyote vitatoka katika ghala yangu, na chakula cha mjenzi kitatoka jikoni mwangu. Lakini sikiliza masharti."

"Nasikiliza, maulana."

"Nyumba hiyo ijengwe kwa idhini ya Bwana Taufiki, isijengwe kwa kitu kingine chochote. Fundi mwingine asiguse jiwe. Wewe mwenyewe usiguse jiwe. Wala usimsumbue shemeji yangu kwa kumtaka atoke juani. Siku ya kuandama mwezi wa Shaabani nitakuja na wageni wangu. Nisipoikuta nyumba, utaondoka Furahani, wewe na shangazi yako, wala msirudi."

Kila mtu barazani aliona kwamba jambo hilo haliwezekani: nyumba haijengwi bila mafundi, na mjenzi aliyetajwa hatoki nje. Bwana Taufiki peke yake ndiye aliyetabasamu.

Vuai akakuna kichwa. "Maulana, mimi ni mpumbavu, na maneno makubwa hunipotea njiani. Tafadhali rudia lile la idhini, ili Kadhi naye alisikie."

Sultani akageuka upande wa Kadhi, akarudia kwa sauti kubwa, "Ijengwe kwa idhini, isijengwe kwa kitu kingine chochote."

"Nimesikia," akasema Kadhi.

"Nami nimesikia," akasema Vuai, akaenda zake.

Alipomweleza shangazi yake, Bi Mwatime akajishika kichwa. "Umeniponza, mwanangu! Mimi nimeangukiwa na ukuta mmoja. Wewe waniangushia mji mzima! Nani alikutuma kumtania Sultani? Huko tutakakokwenda nani anijuaye? Nani atakula vitumbua vyangu?"

"Shangazi," akasema Vuai, "tumeagizwa nyumba ijengwe kwa idhini. Tungoje tuone idhini itafanyaje." Lakini Bi Mwatime alijua kwamba mwanawe ana hofu kama yeye. Asimlaumu tena. Akamkaangia kitumbua kwa unga wa mwisho uliokuwamo mtungini.

Siku ya pili yake Vuai akaenda nyumbani kwa Bwana Taufiki. Bwana huyo alikaa katika jumba la kale, kuta nene, lililojengwa na babu za wale waliokuwa wakiuza mchicha, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujikabidhi kwa kibao chake. Alikuwa amejilaza kitandani, na watumishi wawili wakimpepea.

"Nimekuja kukuajiri, bwana," akasema Vuai. "Je, utakuja mwenyewe kiwanjani?"

"Mimi?" akacheka Bwana Taufiki. "Kibao kitakuja. Ukiwa na kibao una kila kitu."

"Kinaweza msingi?"

"Kinaweza."

"Na kuta?"

"Na kuta, na dari, na ngazi. Nyumba ngapi kimezijenga katika mji huu!"

"Hakihitaji mtu wa kukisaidia?"

Bwana Taufiki akawakonyeza watumishi wake. "Ewe Vuai, kibao hiki kimefanya kazi peke yake miaka yote hii, wala hakijawahi kunilalamikia."

"Na kazi isipokwenda, nimwulize nani?"

"Kiulize kibao!" akasema, na watumishi wakacheka hata vipepeo vikawaponyoka mikononi.

Vuai akawashukuru, akawataja kwa majina yao wale watumishi kuwa mashahidi, akakipokea kibao kwa mikono miwili kama apokeavyo mtu mtoto mchanga, akatoka.

Kiwanjani mambo yote yalikuwa tayari. Wachukuzi wa Sultani walikuwa wamemwaga mawe, chokaa, kokoto na boriti. Vuai akawaaga. Akaweka kiti kivulini, akakikalisha kibao juu ya kiti, akakifunga kilemba ili kisipate jua la utosi, akakiegemezea mwiko upande wa kulia, na karai la chokaa upande wa kushoto. Kisha akarudi nyuma, akaamkia, "Shikamoo, fundi. Vifaa hivi hapa. Bismillahi, anza."

Akakaa chini, akangoja.

Chakula kikaletwa kutoka jikoni kwa Sultani, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Vuai akakiweka mbele ya kibao, akasema kwa adabu, "Karibu, fundi." Akangoja. Kisha akasema, "Ala! Umefunga sunna ya Rajabu? Mungu akutakabalie." Akala yeye. Na kila siku ikawa hivyo, hata mashavu ya Vuai yakaanza kujaa, na watu wa Furahani wakasema hawajapata kumwona fundi mcha Mungu kama yule.

Habari ikaenea. Watu wakawa wakitoka msikitini wanapitia kiwanjani, na wauza mchicha wakahamishia meza zao pale. Mtu akiuliza, "Vuai, mbona kazi haiendi?" alijibiwa, "Punguza sauti. Fundi anawaza." Mwingine alisema, "Mbona jana alikuwa vile vile?" Vuai akamwambia, "Ndugu yangu, kazi kubwa haitaki pupa. Wewe nyumba yako ilijengwa upesi, sasa iko wapi?" Na yule mtu, ambaye nyumba yake ilikuwa imekaa chini tangu mwaka jana, akacheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka.

Waziri akamwendea Sultani, akamwambia, "Maulana, mtu yule amekivisha kibao kilemba, na mji mzima unakiamkia. Pengine ingefaa kumzuia."

"Mwache," akasema Sultani. "Anayechimba kaburi lake usimnyang'anye jembe."

Usiku, watu walipokwisha kutawanyika, Bi Mwatime alikuwa akifunga vyombo vyake vichache katika mikeka, na kuvifungua tena asubuhi apate kupikia. Vuai aliona, na asubuhi akarudi kwa fundi wake.

Hata mwezi wa Shaabani ukaandama. Asubuhi yake ikasikika ngoma na siwa, na Sultani Ghalibu akaja juu ya farasi mweupe, na ubavuni pake Sultani wa Mnarani, baba wa bwana harusi, mzee mkavu mwenye macho makali. Nyuma yao akaja Waziri, na Kadhi, na Bwana Taufiki juu ya baghala wake, na watu wote wa mji waliokuwa na miguu. Wakafika mkabala wa msikiti. Ngoma zikanyamaza moja moja.

Palikuwa na chungu ya mawe. Palikuwa na chungu ya kokoto, kuku wameifanya kiota. Na mbele ya chungu hizo, juu ya kiti, kibao cha mvule chenye kilemba.

"Nyumba i wapi?" akauliza Sultani.

Vuai akabusu ardhi. "Maulana, hata mimi nashangaa. Mwulize fundi."

"Fundi yupi?"

"Huyu aliyeketi. Tangu alipofika hajainuka. Nimempa vifaa, nimempa chakula, nimemwamkia asubuhi na jioni, wala hajanijibu salamu. Kama si kwamba ana muhuri wako, ningesema hana adabu."

Sultani wa Mnarani akajishika ndevu. Sultani Ghalibu akawa mwekundu. "Unanifanyia mzaha mbele ya mgeni wangu! Askari!"

"Maulana," akasema Vuai upesi, "uliamuru nyumba ijengwe kwa idhini, isijengwe kwa kitu kingine. Nyumba ya mawe hujengwa kwa mawe, na ya makuti huezekwa kwa makuti. Nami nimeambiwa kwa idhini, nikaileta idhini, nikaiweka karibu na kazi. Fundi mwingine hakugusa jiwe. Mimi sikugusa jiwe. Shemeji yako hakutoka juani. Kadhi ni shahidi. Ni sharti gani nililovunja?"

Kadhi akatazama miguu yake, akasema, "Kwa kweli, hakuvunja hata moja."

Hapo Bwana Taufiki akashindwa kuvumilia. Akashuka kutoka juu ya baghala wake, na jua likampiga usoni, akapaza sauti, "Mpumbavu mkubwa we! Kibao hakijengi! Idhini haijengi nyumba! Nani asiyejua kwamba nyumba hujengwa na mtu ajuaye kazi?"

Kiwanja kizima kikamgeukia, hata kuku.

"Rudia, bwana," akasema Vuai kwa upole. "Kadhi ana umri, huenda hakusikia."

Bwana Taufiki akafumba kinywa, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Na neno si kokwa ya tende, ukalitema kisha ukaliokota.

"Wasema kibao hakijengi," akaendelea Vuai. "Lakini nilipokuja kukuajiri, ulisema kinaweza msingi, na kuta, na dari, na ngazi, na watumishi wako hawa walisikia. Haya, kama idhini haijengi, bangili na mkufu wa shangazi yangu ulivitwaa kwa kazi gani? Ulimwuzia nini?"

Kutoka katika umati mtu akapaza sauti, "Na mimi uliniuzia nini?" Na mwingine, "Na mimi!" Na yule ambaye nyumba yake ilikuwa imekaa chini akasogea mbele, akamkazia macho.

Ndipo Sultani wa Mnarani akacheka. Akacheka kicheko kikavu, kirefu, kisha akafuta macho kwa ncha ya kilemba chake, akasema, "Ndugu yangu Ghalibu, naona umenialika mapema, na namshukuru Mungu. Je, ndani ya nyumba ya fundi huyu ndimo mwanangu angelala na binti yako?"

Maneno hayo yalimchoma Sultani Ghalibu kuliko yote. Akageuka. "Taufiki, kazi yako ni njema, au si njema?"

"Ni njema, maulana. Naapa ni njema."

"Alhamdulillahi. Basi leo utahamia kwa Bi Mwatime, katika chumba kilichosalia, wewe na godoro lako. Na Bi Mwatime atakaa katika jumba lako, apepewe na watumishi wako, mpaka nyumba yake isimame."

Bwana Taufiki akaanguka magotini, joho lake likaingia katika chokaa. "Maulana, nihurumie! Usinipeleke mle! Itaniangukia!"

"Umejuaje?"

"Naijua, maulana! Nimeijenga mimi!"

Na huo ulikuwa ushuhuda wa kwanza wa kweli kutoka kinywani mwa mjenzi mwenye idhini. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sultani naye akacheka, akacheka sana, kwa kuwa amepata mtu wa kuchekwa badala yake. Akasema, "Haya Vuai, umemwaibisha kweli kweli! Nakupa kibao hiki. Tangu leo wewe ndiwe mwenye idhini."

"Lakini mimi sijui kujenga, maulana."

"Hata yeye hakujua!"

"Naam," akasema Vuai. Akakivua kibao kilemba chake, akakigeuza upande wa muhuri, akakiinua ili Sultani akione vizuri. "Wala hakupata kusema kwamba anajua. Kibao ndicho kilichosema. Na mimi, maulana, nimetazama muhuri huu kila siku tangu nikabidhiwe, jina la Taufiki sijaliona. Ni jina la nani hili?"

Sultani Ghalibu akaacha kucheka. Akakitazama kibao kitambo kirefu, na kila mtu akatafuta mahali pa kutazama pasipokuwa uso wa Sultani. Bi Mwatime, aliyekuwa nyuma ya watu, alifumba macho akangoja sauti ya upanga ukichomolewa alani. Lakini Sultani wa Mnarani alikuwa pale anatazama, na huenda ni hilo lililookoa kichwa cha Vuai, au huenda ni kwamba hata Sultani hufikia siku akachoka kujidanganya. Akanena kwa sauti ndogo, "Ni jina langu."

Akashuka kutoka juu ya farasi, akaamuru lile jambo la kuhamishwa Bi Mwatime litendeke kabla jua halijatua. Akaamuru bangili na mkufu vitafutwe popote vilipo na virudishwe. Kisha wakaenda wote barazani ili amri mpya iandikwe: kwamba waashi waitwe tena, na kwamba mtu apewe idhini baada ya nyumba zake kuonekana zimesimama katika masika, tena alale humo kwanza yeye na watoto wake, kabla mwenye nyumba hajaingia.

Kahawa ikaletwa, na halua. Vuai akaketishwa juu ya zulia, mahali palipokuwa na kokwa za tende, na Sultani akamvika joho la hariri kwa mkono wake. Sultani Ghalibu aliona moyo wake mwepesi. Alikuwa amehukumu kwa haki, naye alikuwa hajazoea. Akaegemea mto, akainua uso juu kumshukuru Mungu, akakiona kistari chembamba katika lipu, kinaanzia pembeni na kuja katikati, juu ya kichwa chake hasa.

"Waziri," akasema polepole, "baraza hili jipya nani alilijenga?"

Waziri akatazama ndani ya kikombe chake. "Maulana... kibao kilikuwepo."

Hakuna aliyengoja ruhusa. Kadhi, pamoja na umri wake wote, alikuwa wa kwanza mlangoni. Waziri akapitia dirishani. Na Sultani akatoka ameshika viatu mkononi, Vuai nyuma yake na sinia ya halua.

Ikawa mwaka ule wote mashauri ya Furahani yalisikilizwa uani, chini ya jua kali. Na watu husema hukumu zake zilikuwa fupi na za haki kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu utosi wa Sultani ulikuwa ukiungua, na hapakuwa na shemeji hata mmoja aliyependa kuja kukaa karibu naye.